Nguo ya Barazani na Sala ya Mekoni



Mwezi wa Machi mwaka 1871 msafiri mmoja wa Ulaya, amechoka tena mgonjwa, alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Jina lake David Livingstone. Wengi wetu twamhesabu kuwa Mwingereza, maana alisema Kiingereza. Kumbe alikuwa Mskoti, na Waskoti ni taifa lingine, wakaao upande wa kaskazini wa kisiwa kile kile.

Katika kitabu chake cha mwaka 1857 Livingstone asimulia habari za jamaa yake. Baba wa babu yake aliuawa katika vita vya Culloden, akiwapigania wafalme wa ukoo wa zamani. Babu yake alilima shamba dogo katika kisiwa cha Ulva, naye alikuwa na hadithi zisizokwisha. Bibi yake aliimba nyimbo za Kigaeli, ndiyo lugha ya watu wa milimani na visiwani. Tena asema ya kuwa wazee wake wa kale walikuwa Wakatoliki, mpaka bwana wa nchi alipopita pamoja na mtu mwenye fimbo ya manjano, nao wakageuzwa dini. Kwa hiyo watu waliiita dini ile mpya «dini ya fimbo ya manjano».

Hadithi za babu, nyimbo za bibi, habari ya imani iliyopotea: huo ndio urithi alioukumbuka mtu huyu alipokuwa mbali na kwao. Lakini leo ukitaja Waskoti, watu watakuonyesha vitu vingine. Watakuonyesha bendera yenye msalaba mweupe wa Mtakatifu Andrea. Watakuonyesha ua la mbaruti, na zumari yenye mfuko wa ngozi. Na kupita vyote watakuonyesha mwanamume aliyevaa kilti, ile nguo fupi ya sufu yenye mirabaraba, inayoitwa tartani. Picha hiyo imebandikwa juu ya mikebe ya biskuti na chupa za pombe duniani kote.

Basi nataka tupime vitu viwili vya urithi huo: nguo hiyo, na kitabu kimoja cha sala. Kimoja kimejulikana kila mahali, kingine wachache wamekisoma. Tuone kipi chatuambia kweli juu ya Waskoti.

NGUO ILIYOKATAZWA

Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la watu wa milimani lilishindwa Culloden. Baada ya ushindi, serikali ya London iliona kwamba haitoshi kuwanyang'anya silaha. Ikatunga sheria ya nguo. Tangu tarehe 1 Agosti 1747 mwanamume au mtoto wa kiume aliyevaa mavazi ya milimani alifungwa miezi sita. Akikamatwa mara ya pili, alipelekwa ng'ambo ya bahari miaka saba. Askari wa mfalme peke yao waliachiliwa. Fahamu vizuri jambo hilo: mtu alikatazwa nguo ya baba yake akilima shamba, lakini aliruhusiwa kuivaa akienda kufa kwa ajili ya mfalme.

Sheria hiyo iliondolewa mwaka 1782. Kwa muda wa miaka 35 watoto walikuwa wamekua bila kuijua nguo ile, na wafumaji wengi wa vijijini walikuwa wamekufa. Ndipo mambo yakageuka. Mabwana wakubwa wa mijini, ambao wazee wao waliidharau nguo hiyo kuwa ya wezi wa ng'ombe, walianza kuipenda. Mwaka 1815 chama cha mabwana wa milimani waliokaa London kilianza kukusanya vipande vya tartani, kila ukoo ulete wake. Wakuu wengine wa koo hawakujua tartani yao ni ipi. Kiwanda cha Wilson huko Bannockburn kiliwasaidia: nguo iliyokuwa na nambari tu ilipewa jina la ukoo, ikauzwa.

Mwezi wa Agosti mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alikwenda Edinburgh. Kwa zaidi ya miaka 150 hakuna mfalme aliyetawala aliyeitembelea Uskoti. Mwandishi wa hadithi Walter Scott ndiye aliyetengeneza karamu zote, naye aliwaalika wakuu waje wamevaa kama watu wa milimani. Mfalme mwenyewe, mtu mnene sana, alivaa kilti, na miguu yake akaifunika kwa soksi ndefu zenye rangi ya ngozi. Basi nguo iliyompeleka mtu gerezani katika siku za babu, katika siku za mjukuu ikawa sare ya barazani.

PICHA YA BWANA WA GLENGARRY

Katika nyumba kubwa ya picha ya taifa huko Edinburgh imo picha iliyochorwa na Henry Raeburn mwaka 1812. Yaonyesha Alasdair Macdonell, mkuu wa ukoo wa Glengarry. Amesimama wima, amevaa tartani tangu mabegani, bunduki mkononi, na nyuma yake silaha zimetundikwa ukutani. Uso ameugeuza kando, kana kwamba anatazama milima yake. Ni picha nzuri kabisa. Mchoraji alijua kazi yake, na nguo inang'aa hata wadhani waweza kuishika.

Mimi nasifu mkono wa mchoraji. Lakini lazima tuulize: watu wa ukoo wako wapi? Mkuu wa ukoo ni mkuu wa watu, naye katika picha yuko peke yake.

Habari zao zajulikana. Tangu siku za baba yake Alasdair, mashamba ya Glengarry yalikodishwa kwa wenye kondoo, kwa maana kondoo walileta fedha kuliko wakulima. Alasdair aliendelea vivyo hivyo. Watu walifukuzwa, na wengi wao walikuwa Wakatoliki walioshika imani katika miaka yote ya mateso. Padri wao mmoja, Alexander Macdonell, aliwatafutia kazi katika viwanda vya pamba vya Glasgow mwaka 1792. Vita na Ufaransa vilipoharibu biashara, aliomba ruhusa wanaume waandikwe kuwa askari, na kikosi chao cha Kikatoliki kikafanywa mwaka 1794. Kikosi kilipovunjwa mwaka 1802 hawakuwa tena na nchi. Mwaka 1804 padri huyo alivuka bahari mpaka Kanada, na wengi wa watu wake walihamia huko. Mwaka 1826 alifanywa askofu wa kwanza wa Kingston. Jina la Glengarry lipo Kanada hata leo, na Kigaeli kilisemwa huko vizazi kadhaa.

Na yule aliyechorwa? Mwaka 1815 alianzisha chama cha «watu wa kweli wa milimani», wajitokeze katika mavazi ya zamani na kucheza michezo ya zamani. Mwaka 1822 alikuwako Edinburgh mbele ya mfalme. Alikufa mwaka 1828, akaacha madeni makubwa.

Mithali yetu yasema: Mwacha asili ni mtumwa. Ni mithali nzuri, walakini hapa yataka kufikiriwa tena. Watu wa Glengarry hawakuiacha asili. Waliondolewa katika nchi yao, na yule aliyewaondoa alibaki amevaa asili yote mwilini mwake.

JE, NI UONGO MTUPU?

Mwaka 1983 mwandishi wa historia Mwingereza, Hugh Trevor-Roper, alitoa makala kali juu ya mambo haya katika kitabu kiitwacho The Invention of Tradition. Ndani ya kitabu hicho Terence Ranger naye aliandika juu ya mila zilizobuniwa katika Afrika wakati wa ukoloni. Kwa hiyo yatufaa sisi pia kukijua. Trevor-Roper alisema kwamba kilti fupi ilibuniwa na Mwingereza mmoja mwenye kiwanda cha chuma, Thomas Rawlinson, baada ya mwaka 1720. Alisema pia kwamba tartani za koo ni kazi ya wafanya biashara na ya wadanganyifu. Alitaja ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart. Mwaka 1842 hao walichapa kitabu cha tartani za koo, wakasema kimetoka katika maandiko ya kale. Maandiko yenyewe hawakuyaonyesha kamwe, na Walter Scott alikuwa ameyatilia shaka tangu mwaka 1829. Hata hivyo koo nyingi zavaa mpaka leo rangi walizozichagua ndugu wale.

Je, Trevor-Roper alisema kweli? Kwa habari ya kitabu cha ndugu wale, alisema kweli. Kwa habari ya Rawlinson, wenye elimu wengine wamembishia. Na tartani yenyewe ni ya zamani sana. Katika ardhi ya bwawa huko Glen Affric kiliokotwa kipande cha nguo ya mirabaraba. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba kilifumwa kati ya miaka 1500 na 1600. Basi kitambaa ni cha kale. Kilicho kipya ni orodha, yaani kusema «rangi hizi ni za ukoo huu, na hizi za ukoo ule».

Lakini mimi naona kosa la Trevor-Roper si katika miaka na tarehe. Aliipima nguo kwa umri wake, akaridhika alipoona ni changa. Umri peke yake hauhukumu kitu. Rozari nayo ilianza siku fulani, na hakuna anayeitupa kwa sababu hiyo. Afadhali tuulize hivi: kitu hiki kilitunzwa na nani, na kwa faida ya nani? Tukiuliza hivyo juu ya sherehe ya mwaka 1822, jibu ni chungu. Katika miaka ile ile nyumba za wakulima zilichomwa moto katika bonde la Strathnaver ili kondoo wapate malisho. Nguo ilipewa heshima wakati watu wake walipokuwa hawaogopwi tena.

KITABU CHA CARMICHAEL

Sasa tutazame kitabu. Alexander Carmichael alizaliwa mwaka 1832 katika kisiwa cha Lismore. Alikuwa mtumishi wa serikali, kazi yake kukusanya ushuru wa pombe. Kazi hiyo ilimpeleka visiwani, na kwa miaka mingi alikaa Uist. Jioni aliingia katika nyumba za wakulima, akakaa karibu na moto, akaandika katika daftari zake yale aliyoyasikia. Mwaka 1900 alichapa vitabu viwili vyenye jina la Kilatini, Carmina Gadelica, maana yake nyimbo za Wagaeli. Vingine vilifuata baada ya kufa kwake mwaka 1912. Cha mwisho kilitoka mwaka 1971.

Ndani ya kitabu hicho mna nini? Mna sala za watu wa kawaida, Kigaeli upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Wengi waliozisema ni Wakatoliki wa Uist ya kusini na Barra, visiwa ambako dini ya fimbo ya manjano haikushinda. Lakini Waprotestanti nao wamo. Kuna sala ya kuwasha moto asubuhi, sala ya kukamua ng'ombe, ya kupanda mbegu, ya kusafiri baharini, ya kumzaa mtoto na ya kumwaga mtu anayekufa. Mtakatifu Kolumba, aliyefika kisiwa cha Iona mwaka 563, aitwa katika sala hizo kama jirani wa karibu. Mtakatifu Brigida aombwa pamoja na Bikira Maria. Katika sikukuu ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba, kila nyumba ilioka mkate kwa unga wa nafaka zote zilizovunwa mwaka ule.

Jambo moja limenigusa kupita yote. Usiku mama wa nyumba alitandaza makaa katika mviringo, akayagawa sehemu tatu kwa jina la Utatu Mtakatifu, kisha akayafunika kwa majivu, huku akisali kwa sauti ya chini. Moto haukuzimika, asubuhi aliufunua, akauamsha kwa sala nyingine.

Hata nguo ilikuwa na maneno yake. Wanawake walikaa kando ya ubao mrefu, wakaipigapiga sufu iliyoloweshwa ili ishikane, nao wakaimba: mmoja akianza, wote wakiitikia. Mwishoni waliibariki nguo na yule atakayeivaa. Hiyo ndiyo nguo ya Waskoti kabla haijapanda barazani.

KASORO ZA KITABU

Nisingekuwa mhakiki mwaminifu kama ningesifu tu. Kitabu kina kasoro, tena kubwa.

Kwanza, mwaka 1900 zilichapwa nakala 300 tu, zenye herufi za kupambwa zilizochorwa na mke wake. Ni kitabu kizuri kwa macho, kwa bei ya matajiri. Yule mama aliyeitoa sala ya moto hakuweza kukinunua.

Pili, Carmichael hakuandika sikuzote kama alivyosikia. Aliunganisha sala mbili zikawa moja, alibadili mistari, alitia maneno ya kale yenye kusikika vizuri. Mwaka 1976 mwenye elimu mmoja, Hamish Robertson, alimshitaki wazi kwa habari hiyo. Mwaka 1978 John Lorne Campbell, aliyetumia maisha yake kukusanya nyimbo za visiwani, alimtetea, ingawa naye alikubali kwamba mkono wa Carmichael umo.

Tatu, alipenda mno mambo matamu. Msomaji aweza kudhani watu wale walisali mchana kutwa, hawakugombana wala hawakuona njaa. Kumbe walikuwa katika magombano makali juu ya ardhi. Carmichael mwenyewe alilijua jambo hilo vizuri, maana aliandika juu ya desturi za mashamba na malisho kwa ajili ya tume ya serikali iliyotoa taarifa yake mwaka 1884. Sheria ya kuwalinda wakulima wadogo ilitoka mwaka 1886. Katika sala alizochapa, ugomvi huo hausikiki sana.

Je, basi Carmichael ni sawa na wale ndugu wa mwaka 1842? Hapana. Wao hawakuwa na shahidi. Yeye aliandika majina ya watu waliomsimulia na mahali walipokaa, na daftari zake zimo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambapo mtu aweza kulinganisha kilichoandikwa mekoni na kilichochapwa. Aliifua nguo mpaka ikapoteza baadhi ya rangi zake, lakini nguo ilikuwako. Kosa lake lilitoka katika mapenzi: alitaka wakubwa wa mijini waache kuwaita watu wake washenzi, kwa hiyo aliwapamba. Ninamsamehe, lakini sitaki tumwige. Maneno ya mama mkulima hayakuhitaji kupambwa.

HUKUMU YETU

Nguo na kitabu vyote viwili vilipita mikononi mwa mabwana. Lakini nguo ya barazani iliweza kuendelea bila watu wa milimani. Tangu mwaka 2009 Uskoti ina daftari la serikali la tartani, na hata kampuni au timu ya mpira yaweza kuandikisha yake. Hakuna ubaya. Kijana anayeoa aivae kwa furaha, nasi tutampigia vigelegele. Ila asidhani kwamba akishaivaa amemaliza kazi ya kurithi.

Sala ya mekoni haiwezi kuishi hivyo. Yataka kinywa, na kinywa chataka lugha. Mwaka 1901 Waskoti zaidi ya 200,000 walisema Kigaeli. Katika hesabu ya mwaka 2022, watu 130,161 walisema kwamba wanakijua kidogo au sana, wakihesabiwa pamoja na wale wanaokielewa tu bila kukisema. Katika visiwa vya magharibi, kule Carmichael alikokaa, wenye kukisema hawafiki tena nusu ya watu. Kwa upande mwingine shule za Kigaeli zimeongezeka, na mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukipa Kigaeli cheo cha lugha rasmi. Ni jambo la kushukuru. Lakini sheria haifuniki makaa usiku. Kazi hiyo ni ya mama na baba.

Nikikisoma kitabu hiki, namkumbuka mama yangu. Yeye pia alifunika makaa kwa majivu kila usiku, asubuhi asiende kuomba moto kwa jirani. Nakumbuka midomo yake ilicheza alipoinama pale mekoni. Alisema nini? Sikumwuliza. Nilikuwa kijana wa shule, nilidhani mambo yenye maana yako katika vitabu. Sasa amelala katika makaburi ya misioni, na maneno yale amekwenda nayo.

Ndugu msomaji, labda nyumbani kwako yuko mzee ambaye midomo yake bado inacheza. Nenda kaketi naye. Umwulize, uandike alivyosema, usiongeze wala usipunguze, na chini yake uandike jina lake.